Ukiita wote, haji mtu: somo la kutafuta watu wa kujitolea kwa meseji

Somo la leo linaanzia kwenye kitu ambacho wengi wetu tumeshakifanya na kikatuaibisha. Unaandika meseji moja ndefu, unaipamba na vikatuni vya moto na mikono ya kuomba, unaitupa kwenye makundi yote ya WhatsApp uliyonayo: la ukoo, la kikoba, la wazazi wa shule, la wateja. "Tunahitaji watu wa kujitolea, wote mnakaribishwa." Watu wanaisoma. Wawili wanaweka dole gumba. Siku yenyewe unafika peke yako na katoni yako ya maji.

Mimi yalinikuta hapahapa Magu. Tulitaka kufanya kashindano kadogo ka picha za mtaani kwetu, simu tu, bila makamera makubwa. Nilihitaji watu wa kusaidia: wa kuandikisha washiriki, wa kuwaelekeza wazee namna ya kutuma picha, wa kuzichambua baadaye. Niliandika tangazo langu nikatuma kila mahali. Aliyekuja ni dada yangu, na yeye nilikuwa nimempigia simu. Nilikasirika, nikasema watu wa hapa hawana ushirikiano. Baada ya siku mbili nikaisoma tena ile meseji kama vile nimetumiwa na mtu mwingine. Haikusema ni nani anatakiwa. Haikusema kazi ni ipi. Haikusema inaisha saa ngapi. Hata mimi nisingekuja.

Sasa mtu atauliza, mashindano ya picha yanaingiaje kwenye ukurasa wa biashara? Yanaingia kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza: kumwomba mtu ajitolee ni mauzo magumu kuliko mauzo yote. Ukiuza kitenge, mteja anatoa hela na anaondoka na kitenge. Ukiomba mtu ajitolee, anatoa Jumamosi yake na haondoki na kitu mkononi. Ukiweza kuandika meseji inayomfanya mtu akubali hilo, meseji ya "mzigo mpya umeingia" itakuwa mchezo.

Mlango wa pili ni picha zenyewe. Tuwe wakweli. Wangapi tunauza dagaa wa kwetu kwa picha ya dagaa wa kwingine tuliyoiokota mtandaoni? Mteja wa Dodoma anaagiza kwa kuangalia picha, mzigo unafika haufanani, anasema umemtapeli. Na aliyeipiga ile picha ana haki yake kisheria. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na picha ni mali ya kazi ya mtu kama ilivyo kanda ya muziki. Mashindano ya picha ya jamii yakifanyika vizuri yanaacha nyuma ghala la picha za kweli za mahali penu, ambazo hata wewe muuzaji unaweza kuzitumia kihalali. Nitaeleza mbele.

Kwanza tuangalie waliofanikiwa, kwa sababu jambo hili limeshafanyika kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 2010 huko Uholanzi, watu wa kujitolea wa Wikipedia walianzisha mashindano ya kupiga picha majengo ya kale, yanaitwa Wiki Loves Monuments. Mwaka uliofuata yakaenea Ulaya, zikakusanywa picha 168,208 ndani ya mwezi mmoja wa Septemba, na Guinness wakayaandika kuwa mashindano makubwa ya picha kuliko yote duniani. Washiriki walikuwa zaidi ya 5,000. Kisha Afrika ikapata yake: 2014 wanawake wawili, Florence Devouard na Isla Haddow-Flood, wakaanzisha Wiki Loves Africa. Picha zote zinaingia kwenye ghala la Wikimedia Commons, lilelile ambalo Wikipedia ya Kiswahili inachota picha zake.

Mnaona hizo namba mnadhani walipiga kelele dunia nzima. Hapana. Mambo mawili waliyoyafanya ndiyo ninayotaka tuyaibe.

La kwanza, lile tangazo linalotokea juu ya ukurasa wa Wikipedia lilipangwa kwa nchi. Nchi yako ikiwa haimo kwenye mashindano ya mwaka huo, hulioni. Ikiwa imo, unaliona, na linakupeleka kwenye orodha ya majengo ya nchi yako. Hakuna maana ya kumsumbua mtu wa Brazili kwa jengo la Amsterdam. Kumbe hata mwenye tangazo linaloweza kufika dunia nzima, bado anachagua wa kumwonyesha.

La pili ni la Wiki Loves Africa, nalo nalipenda zaidi. Kila mashindano yana mada moja. 2014 ilikuwa chakula. 2016 muziki na ngoma. 2017 watu wakiwa kazini. 2020 usafiri, Afrika ikiwa safarini. Fikiria kinachotokea mada ikiwa moja. Mada ya chakula inamwita mama lishe kwa jina lake. Mada ya kazi inamwita fundi cherehani, fundi baiskeli, mchoma matofali. Mada ya usafiri inamwita bodaboda na mwenye mtumbwi. Ukisema "piga picha ya chochote kizuri", kila mtu anafikiri unaongea na mwenzake. Ukisema "mwaka huu ni picha za watu kazini", fundi anageuka.

Haya, tulete Magu.

Tuseme tunataka mashindano ya picha za wilaya yetu, mada tuchukue hiyo ya watu kazini. Magu sio mji mmoja, ni mambo mengi yamekaa pamoja kandokando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Kule Kisesa kuna Bujora na Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, yenye ngoma za watemi na vyombo vya zamani. Huku kuna Mto Simiyu, kuna mashamba ya mpunga na pamba, na kwenye Ghuba la Speke kuna mialo ya wavuvi. Wapigapicha watakuja wenyewe ukiweka zawadi hata ndogo. Shida yangu ni wale wa kujitolea. Nahitaji mtu anayejulikana mwaloni ili mpigapicha asifukuzwe. Nahitaji mtu mwenye kompyuta na subira ya kupakia picha. Nahitaji mtu anayejua Kisukuma kizuri wa kuandika maelezo: hiki ni nini, kinaitwaje, kinatumikaje. Nahitaji msichana au mama wa kuongea na akina mama, kwa sababu kijana akiwanyooshea simu tu akina mama wanaoanika dagaa, atakimbizwa na ufagio, na itakuwa haki yake.

Hao ni watu wanne tofauti. Meseji moja haiwezi kuwaita wote wanne. Hapo ndipo wengi tunafeli.

Wazee wetu walilijua hili. Kwenye Bulabo, ile sikukuu ya ngoma ya Bujora mwezi wa sita, Bagika na Bagalu hushindana kwa kuvuta watu: kundi linalojaza umati ndilo linalotamba. Pale unaita wote, unapiga ngoma kwa nguvu, unafanya vituko. Lakini kazi ya shamba haikuitwa hivyo. Palikuwa na kiongozi wa vijana, nsumba ntale, aliyewajua vijana wake mmoja mmoja. Mwenye shamba alienda kwake, na yeye ndiye aliyewakusanya. Na mwenye shamba aliwalisha. Umati unaitwa kwa ngoma, mkono wa jembe unaitwa kwa jina. Stetasi yako ya WhatsApp ni ngoma. Kwa wapigapicha na watazamaji inafaa. Kwa wa kujitolea, haifai.

Basi orodha ya majina unaitoa wapi? Wewe muuzaji tayari unayo, kwenye simu yako. Ukitumia WhatsApp Business unaweza kumbandika kila mteja lebo, na wengi wetu tuna lebo mbili tu, "kalipa" na "hajalipa". Ongeza unachokijua kweli kuhusu mtu: yupi ni mwalimu, yupi anakaa Nyanguge, yupi huwa anakutumia picha nzuri akipokea mzigo (huyo ana jicho, usimwache), yupi anauza mwaloni. Usianze na watu mia. Anza na wale ambao ukikutana nao njiani mnasalimiana. Mimi nimeona kumi wa namna hiyo wanatosha kuanza, na wao watakuambia nani mwingine.

Lakini hapa nawashika mkono kidogo, maana ni eneo la hatari. Namba ya mteja alikupa ili umpelekee mzigo. Hakukupa ili umwite kwenye shughuli zako nyingine. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na moyo wake ndio huohuo: taarifa uliyopewa kwa kazi moja usiipeleke kwenye kazi nyingine bila mwenyewe kuridhia. Kwa hiyo meseji ya kwanza kwa mteja isiwe ya kumpa kazi. Iwe ya kuomba ruhusa, fupi: "Dada, nje ya biashara, kuna shughuli ya picha za Magu naisaidia. Naweza kukutumia maelezo?" Akisema hapana au akinyamaza, umemaliza, rudi kwenye vitenge. Na usimwingize mtu kwenye kundi bila kumuuliza. Kundi linaonyesha namba yake kwa watu asiowajua, na dada wa watu ataanza kupigiwa usiku na mwanaume aliyemwona kwenye kundi la picha. Kosa litakuwa lako.

Kuna na hofu nyingine, ya utapeli. Kila Mtanzania mwenye simu ameshapata "ile hela tuma kwenye namba hii". Tumefundishwa meseji za namna hiyo tuzipeleke 15040, na tunafanya vizuri. Sasa meseji yako ikitoka namba ngeni, haina jina la mtu, inasema "hongera umechaguliwa kushiriki", ina kiungo cha kubonyeza, mpokeaji ataifananisha na nini? Umejifananisha na tapeli mwenyewe. Watu wengi wakikuzuia au kukuripoti, WhatsApp wanaweza kuifunga namba. Kwa sisi wa mtandaoni namba ndiyo fremu ya duka. Usichome fremu kwa sababu ya mashindano ya picha.

Hata ile orodha ya kutuma kwa wengi kwa mpigo, wengine tunaiita brodikasti, ina siri yake: anayeipata ni yule tu aliyeihifadhi namba yako. Unaweza kutuma kwa watu 256 ukadhani umefika, kumbe robo tatu hawakuhifadhi, meseji imeishia hewani. Siilaumu, ina kazi yake kwa wateja wa kudumu. Ila kwa kuomba mtu ajitolee, andika mmoja mmoja. Ndiyo, inachosha. Meseji kumi zilizoandikwa kwa mkono zinachukua jioni moja.

Sasa tuiandike. Hii ni ile yangu mbaya, nimeikata kidogo tu:

"HABARI WANA MAGU! Kutakuwa na mashindano makubwa ya picha, tunahitaji watu wa kujitolea kwa ajili ya maendeleo ya jamii yetu. Wote mnakaribishwa. Tuma kwa wenzako!"

Na hii ndiyo niliyomwandikia mama mmoja anayeanika dagaa, mteja wangu wa siku nyingi, baada ya kupata akili:

"Shikamoo mama. Ni mimi wa vitenge, stendi. Wiki ijayo kuna vijana wawili watakuja mwaloni kupiga picha za kazi ya dagaa kwa mashindano. Sitaki wamkwaze mtu. Wewe unaheshimika pale, naomba utembee nao saa moja tu, asubuhi, uwaambie nani yuko tayari kupigwa picha na nani hataki. Nauli na chai nimeandaa. Kama haiwezekani niambie tu mama, sitakasirika."

Soma tena uone ilichobeba. Shikamoo imetangulia, kwa sababu ni mkubwa wangu na meseji isiyo na salamu kwetu ni kama kuingia nyumbani kwa mtu bila hodi. Jina la biashara limefuata ili ajue si tapeli. Halafu sababu ya kumchagua YEYE: anaheshimika pale. Hiyo si kumpamba, ni kweli, na kama si kweli usiandike, watu wazima wanajua sifa ya kuombea. Kisha kazi moja. Sio "kusaidia mashindano", ni kutembea na vijana wawili. Ina mwanzo na ina mwisho, saa moja. Gharama zimesemwa, maana kujitolea hakumaanishi mtu alipe nauli mfukoni mwake ili akusaidie. Yule mwenye shamba alilisha watu, na wewe nunua chai. Na mwisho nimemfungulia mlango wa kukataa. Wengi wanaogopa hapa, wanadhani ukimpa mtu nafasi ya kukataa atakataa. Atakayekataa kwa uwazi Jumanne amekusaidia kuliko atakayesema "nitajitahidi" halafu Jumamosi simu haipatikani.

Alijibu kwa sauti, hakuandika. Alicheka kwanza, akasema vijana waje na viatu vya kuingia majini.

Kwa mwalimu meseji ni nyingine kabisa. Mwalimu humwambii habari ya kuheshimika mwaloni, unamwambia: "Mwalimu, nakumbuka ulivyonisahihishia tangazo langu la Kiswahili. Nina picha ishirini zinahitaji maelezo ya sentensi mbili mbili, Kiswahili safi na jina la Kisukuma la kila kifaa. Nikuletee nyumbani Jumapili mchana?" Kwa kijana mwenye kompyuta unamwambia idadi ya picha na kwamba bando ni juu yako. Mtaona simwambii yeyote habari ya "maendeleo ya jamii". Sio kwamba siyaamini. Ila maneno hayo ni makubwa mno, mtu hawezi kuyashika mkononi akajua ayaanzie wapi.

Wasio na simu janja usiwaache. Kwao ni meseji ya kawaida, na huko kuna hesabu ambayo wauzaji wengi hawaijui. Meseji moja ya kawaida ina herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ukiweka kikatuni kimoja tu, kile cha kucheka, nafasi zinashuka hadi 70. Hivyo meseji uliyodhani ni moja inakuwa tatu na salio linaondoka mara tatu. Na kwetu kuna mtego wa ziada: majina yetu yana ng', na simu nyingine zinaweka ile alama ya juu iliyopinda badala ya iliyonyooka. Iliyonyooka haina shida. Iliyopinda inafanya mambo yaleyale ya kikatuni. Ukiandika Ng'haya, angalia alama. Hii hapa inaingia ndani ya 160:

"Habari kaka. Ni mimi wa vitenge Magu mjini. Jumamosi saa 3-5 asubuhi tunapiga picha za dagaa. Naomba uwe mwongozaji wetu mwaloni. Nauli ipo. Ndiyo au hapana?"

Na muda wa kutuma nao unauzwa. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku wa giza, kwa sababu dagaa wanavutwa na taa na mwezi ukiwa mkali taa haina nguvu. Kwa hiyo siku za giza, ukimtumia meseji asubuhi ndiyo kwanza amelala, mchana anashona nyavu, jioni anarudi majini. Mwezi ukiwa mpevu anapumzika. Hapo ndipo umwandikie. Lakini ukitaka picha za dagaa wakianikwa, ziwe za siku za giza, maana mwezi mpevu uanikaji unapungua sana. Yaani unamwomba kwenye mwezi, mnapiga picha kwenye giza. Mkulima naye, msimu wa palizi usimguse. Mwenye duka, usimwandikie mwisho wa mwezi. Hakuna kitabu cha kukufundisha hili, ni kumjua mtu wako tu, na ndiyo maana nasema anza na wale mnaosalimiana.

Sasa lile nililoahidi kuhusu picha zenyewe, na hapa naomba msome polepole kwa sababu ndipo uaminifu wako utapimwa.

Mashindano ya aina ya Wiki Loves Africa yanapokea picha chini ya leseni huria. Moja inayotumika sana ni ya Creative Commons, ile ya BY-SA. Maana yake kwa lugha ya sokoni: mtu yeyote, popote, anaweza kuitumia picha hiyo, hata kwa biashara, mradi amtaje mpigapicha, aonyeshe leseni, na akiibadilisha na kuisambaza aiache chini ya leseni hiyohiyo. Mpigapicha anabaki mwenye picha, lakini ruhusa aliyoitoa hairudishwi. Kampuni ya mbali inaweza kuiweka kwenye kalenda bila kumlipa shilingi.

Kwa muuzaji hii ni neema. Unapata picha ya kweli ya ziwa letu kwa tangazo lako, unamtaja aliyeipiga, umemaliza, hakuna wizi. Ila kwa anayejitolea, ni jambo anapaswa kulijua KABLA. Niliwahi kuona, sitaji ni wapi, vijana wamekusanyiwa picha kwa maneno matamu, baadaye mmoja anaona picha yake kwenye bango la biashara, anadhani ameibiwa. Hakuibiwa. Hakuambiwa. Kwake ikawa sawasawa, na mwaka uliofuata hakuna aliyeleta picha. Kwa hiyo ndani ya meseji yako ya pili, mtu akishakubali kusikia maelezo, weka sentensi hii bila kuipunguza: "Picha ukiipakia, mtu yeyote anaweza kuitumia, hata kibiashara, ila lazima akutaje jina." Watakaobaki baada ya sentensi hiyo ndio watu wako.

Na usichanganye ruhusa ya mpigapicha na ruhusa ya anayepigwa. Leseni inahusu picha kama kazi. Uso wa mama wa watu ni habari nyingine. Ukitaka kuweka sura yake kwenye tangazo la dagaa wako, nenda ukamuulize yeye, mwonyeshe tangazo lenyewe. Watoto, uliza wazazi. Ndiyo maana yule mama wa mwaloni alikuwa na kazi kubwa kuliko wapigapicha wote.

Jambo dogo la kiufundi kabla sijasahau, linawahusu hata wanaopokea picha za bidhaa kutoka kwa mawakala: picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, inapoteza ubora. Mwambie mtu aitume kama faili, kwenye ile sehemu ya kutuma hati. Inakula bando zaidi, nimewaambia bando ni juu yenu. Mashindano mengi yanapotea hapa: picha nzuri imefika imechoka, haifai hata kuchapishwa.

Watu wakishakubali, sasa ndiyo unda kundi, la hao waliokubali tu, baada ya kila mmoja kuridhia. Liwe dogo. Humo hakuna "habari za asubuhi" mia wala dua za kusambaza, ni saa, mahali, na nani anafanya nini. Siku moja kabla, usitegemee kundi, mwandikie kila mtu peke yake: "Kesho saa tatu, tunakutana pale kwenye mti. Bado tuko pamoja?" Atakayekuwa amepata msiba au mgonjwa atasema hapo, na una jioni nzima ya kupanga upya.

Baada ya kazi ndipo wengi tunaharibu. Mshindi anapigwa picha na zawadi, tunamweka kila mahali, aliyetembea na vijana mwaloni hasikii tena kitu mpaka mwakani tukimhitaji. Ni sawa na yule muuzaji anayekukumbuka akiwa na mzigo tu. Wiki hiyohiyo ya matokeo, rudi kwenye meseji zako kumi na uandike kumi nyingine. Mimi yule mama nilimpelekea picha moja iliyochapishwa kwenye karatasi, yeye mwenyewe ameinamia chanja la dagaa na jua liko nyuma yake, nikamwandikia hivi kabla sijaondoka nyumbani:

"Shikamoo mama. Zile picha zimetoka, na maelezo yameandikwa kwa Kisukuma na Kiswahili kama ulivyowasahihisha vijana. Moja ni yako, nakuletea leo jioni. Usipotaka ionekane kwa watu, niambie nikija, tutaiacha kwako tu."

Alitaka ionekane. Aliomba kwanza tuiandike chini jina la mwalo.